Saratani Inayosikia Dawa na Ile Isiyosikia

Leo naomba msogeze redio karibu kidogo, na kama kuna mtu nyumbani aliyefanyiwa upasuaji wa tumbo, mwiteni naye asikilize.

Tunazungumzia saratani ya utumbo mpana. Zamani ugonjwa huu ulihesabiwa kuwa wa Wazungu. Daktari mmoja wa upasuaji kutoka Ireland, Denis Burkitt, aliyefanya kazi Uganda kwa miaka mingi, aliandika kwamba ulikuwa nadra sana kwa Waafrika, akasema sababu ni vyakula vyetu vyenye nyuzinyuzi nyingi. Leo madaktari wa Dar es Salaam, Nairobi na Kampala wanauona kila mara, na si wachache kati ya wagonjwa hawajafika hata miaka 50. Mara nyingi mtu aliona damu kwenye choo, akajiambia ni bawasiri, akanunua dawa ya kupaka, na miezi ikapita.

Lakini dalili si mada yetu ya leo. Leo tunaanzia mbele zaidi, pale ambapo upasuaji umeshafanyika. Mgonjwa amerudi nyumbani, mshono umekauka, anakunywa uji vizuri, ndugu wanamshukuru Mungu. Kisha siku ya kliniki daktari anasema, "Sasa tutakuanzishia dawa za dripu." Nyumbani kunazuka mjadala. Dawa za nini tena? Si walisema wameutoa uvimbe wote?

Hilo ni swali la haki kabisa, na linastahili jibu la kueleweka.

Daktari anaposema ametoa uvimbe wote, anasema kweli: ametoa wote aliouona. Wakulima mnaijua ndago. Unalima shamba, unang'oa majani yote, linabaki jeusi safi. Mvua ya kwanza ikinyesha, ndago inachomoza, kwa sababu vile vitunguu vyake vidogo vilibaki chini ya udongo. Saratani ya utumbo nayo inaweza kuwa imeshatuma seli zake chache kwenye damu au kwenye matezi kabla ya siku ya upasuaji. Ni ndogo mno. Jicho haliwezi kuziona, wala kipimo cha CT. Dawa hizo za dripu, yaani kemo, ambazo wengine huziita tiba kemikali, hupita kwenye damu mwili mzima kuzitafuta seli hizo. Na tusichanganye mambo: kemo si mionzi. Mionzi huelekezwa sehemu moja ya mwili. Kemo huzunguka kote.

Sasa nawapa hesabu moja, nanyi mtaniwia radhi nikiirudia. Chukueni watu 100 ambao saratani yao ya utumbo mpana ilikuwa imefika kwenye matezi, ile tunayoiita hatua ya tatu, na wote wamefanyiwa upasuaji mzuri. Kwa makadirio ya wataalamu, karibu nusu yao wangepona kwa kisu peke yake. Wengine, kama 20 hivi, wanapona kwa sababu ya dawa. Wanaobaki, kama 30, ugonjwa huwarudia hata wakimaliza dripu zote bila kukosa hata moja. Saratani yao haisikii dawa.

Narudia: nusu wameponywa na kisu, 20 wanaokolewa na dawa, 30 ugonjwa unarudi.

Je, siku ile ya kuanza dripu, daktari anajua wewe uko kundi gani? Hajui. Hajui yule wa Dar, wala hajui yule wa London. Anawapa wote 100 ili awaokoe wale 20. Ndiyo maana nasema kemo baada ya upasuaji ina kukisia ndani yake, na kazi ya utafiti kwa zaidi ya miaka 30 imekuwa kupunguza kukisia huko.

Hapa niruhusuni niwasimulie kisa ambacho wafugaji watakipenda. Mwaka 1990 Daktari Charles Moertel wa Mayo Clinic, Marekani, na wenzake walichapisha matokeo yaliyobadilisha tiba hii. Kabla ya hapo dawa nyingi zilikuwa zimejaribiwa baada ya upasuaji wa utumbo, na faida yake ilikuwa haieleweki. Wao walichanganya dawa mbili. Ya kwanza ni fluorourasili, iliyobuniwa mwaka 1957 na Charles Heidelberger na wenzake katika Chuo Kikuu cha Wisconsin. Ilikuwa imeonekana kwa panya kwamba uvimbe wa ini hufyonza urasili, ambayo ni malighafi ya kujengea seli, kuliko ini lenye afya. Heidelberger akatengeneza urasili ya bandia. Seli ya saratani inaipokea ikidhani ni ile ya kawaida, na inapotaka kuzaana, inakwama.

Dawa ya pili ilikuwa levamisoli. Wafugaji, mmesikia vizuri? Levamisoli, ileile dawa ya minyoo ya mbuzi na kondoo. Waliopewa mchanganyiko huo walirudiwa na saratani kwa uchache sana kuliko wasiopewa kitu, na vifo vikapungua kwa theluthi moja. Furaha ikawa kubwa. Ila mama mmoja mkulima wa jimbo la Illinois alitazama vidonge vyake, akatambua kwamba kilichomo ni kilekile anachowapa kondoo wake. Tofauti ilikuwa bei. Dozi ya mwaka ya binadamu ilizidi dola 1,000, ya kondoo ilikuwa dola 14 hivi. Mwaka 1992 Moertel mwenyewe alisimama mbele ya madaktari wenzake kuilalamikia bei hiyo.

Na sehemu inayonichekesha mimi ni hii: tafiti zilizofuata zilionyesha kwamba levamisoli haikuwa na mchango wowote wa maana. Kazi yote ilifanywa na fluorourasili. Watu walilipa fedha nyingi kwa dawa ya minyoo isiyowasaidia. Basi hata mchanganyiko uliookoa maisha ulichukua miaka kabla ya kujulikana ni dawa ipi saratani ilikuwa ikiisikia.

Mwaka 2004 watafiti wakiongozwa na Daktari Aimery de Gramont wa Ufaransa walionyesha kwamba ukiongeza dawa ya tatu, oksaliplatini, matokeo yanakuwa bora zaidi. Baada ya miaka mitatu, watu 78 katika kila 100 walikuwa hawajarudiwa na ugonjwa, badala ya 73. Unaweza kusema watano ni wachache. Muulize mmoja wa hao watano.

Hata hivyo oksaliplatini ina gharama yake mwilini, na lazima tuiseme waziwazi. Huleta ganzi kwenye vidole vya mikono na miguu, na mwanzoni ganzi hiyo huchokozwa na ubaridi. Mgonjwa anafungua friji, anashika chupa ya maji, vidole vinachoma kama vimeguswa na umeme. Anakunywa soda baridi, koo linakaza, anadhani pumzi inakatika. Fikirieni joto la Dar mwezi wa Februari, na mtu anaambiwa asiguse maji ya baridi! Huko kwenye baridi ya Njombe au Limuru, bomba la asubuhi peke yake linatosha kumtoa machozi. Kwa hiyo ndugu mnaomuuguza, mpasheni maji, mpeni soksi na glavu, na asilazimishwe kuosha vyombo asubuhi. Baada ya dripu kadhaa ganzi inaweza kugoma kuondoka. Fundi cherehani anashindwa kuvisha uzi kwenye sindano, na mzee anashindwa kufunga vifungo vya shati.

Sasa sikilizeni hili kwa makini, maana kwa maoni yangu ndilo linalotufaa zaidi sisi wa huku. Kwa miaka mingi dawa hizi zilitolewa kwa miezi sita. Mwaka 2018 matokeo ya watafiti wa nchi 12 waliowafuatilia wagonjwa zaidi ya 12,000 yalijibu swali rahisi: je, miezi mitatu haitoshi? Jibu likawa: kwa baadhi, inatosha. Kwa mgonjwa wa hatua ya tatu ambaye matezi yaliyoguswa ni matatu au pungufu, na uvimbe haujatoboa ukuta wote wa utumbo, miezi mitatu ya vidonge vya kapesitabini pamoja na oksaliplatini ilitoa matokeo karibu sawa na miezi sita. Ganzi ya wastani au nzito ilishuka kutoka karibu nusu ya wagonjwa hadi takribani 15 katika kila 100.

Lipigieni hesabu jambo hili kwa nauli. Kuna utaratibu ambao mgonjwa anakwenda hospitali kila wiki mbili, anafungwa dripu ya saa 46, mara 12 kwa miezi sita. Na kuna utaratibu huu mwingine, dripu moja kila wiki tatu kisha vidonge unameza nyumbani kwa wiki mbili, na kwa miezi mitatu ni safari nne tu. Kwa mgonjwa wa Sumbawanga anayetibiwa hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, tofauti ya safari 12 na safari nne ndiyo tofauti ya kumaliza dawa au kuziacha katikati. Anauza mbuzi wa kwanza, anauza wa pili, wa tatu hayupo. Kwa hiyo si aibu wala si utovu wa adabu kumuuliza daktari: "Daktari, je, mimi ni wa miezi mitatu au sita? Na je, vidonge vinanifaa?" Kuna wagonjwa ambao vidonge haviwafai, na kuna ambao miezi sita ni lazima. Atakueleza. Usijipunguzie mwenyewe dawa kwa kuwa umesikia redioni.

Atajuaje wewe ni wa miezi mingapi? Hapo tunafika kwenye karatasi moja ambayo watu wengi hawaijui thamani yake: ripoti ya patholojia.

Utumbo uliokatwa haupaswi kutupwa. Unawekwa kwenye chombo chenye dawa ya formalini na kupelekwa maabara. Pale mtaalamu anaupasua, anachukua yale mafuta yanayoshikamana na utumbo, na kuyapapasa kwa vidole, kidogo kidogo, akitafuta matezi. Tezi linaweza kuwa dogo kama punje ya mtama, limejificha kwenye mafuta yanayoteleza. Anatakiwa atafute walau 12. Kwa nini 12? Kwa sababu akitafuta matatu na kusema yote ni safi, hajatuambia kitu. Huenda la nne ndilo lililokuwa na saratani, na wewe ukahesabiwa hatua ya pili, ile ambayo matezi ni safi, wakati u hatua ya tatu, ukakosa dawa ambayo ingekuokoa.

Katika baadhi ya hospitali zetu, chombo hicho hukabidhiwa ndugu akipeleke mwenyewe maabara. Basi kama umekabidhiwa, nisikilize. Kipeleke siku hiyohiyo. Hakikisha ndani kuna formalini ya kutosha, si maji tu, maana kwenye maji nyama inaharibika. Hakikisha jina limeandikwa vizuri na halifutiki. Usikiweke chini ya kitanda ukingoja mwisho wa mwezi upate hela ya kipimo. Kama hela haipo, waambie hospitali mapema, nenda ustawi wa jamii. Nasisitiza muda kwa sababu dawa hizi hufanya kazi vizuri zikianza mapema, ndani ya wiki nane hivi baada ya upasuaji. Majibu yakikaa miezi mitatu kwenye droo, mgonjwa analipa yeye. Na hapa lawama si za ndugu peke yao. Maabara zetu ni chache, wataalamu ni wachache, na jambo hili serikali zetu zinalijua.

Ripoti hiyo inaweza kusema jambo jingine zito. Katika saratani za utumbo mpana, kama 15 katika kila 100 zina hitilafu katika protini zinazorekebisha makosa ya vinasaba. Kipimo chake hufanywa kwenye kinyama kilekile. Kinatufaa nini? Kwanza, mgonjwa wa hatua ya pili mwenye hitilafu hiyo kwa kawaida ana nafasi nzuri ya kupona bila kemo, na fluorourasili ikitolewa peke yake haimsaidii. Jambo hilo lilionyeshwa mwaka 2003. Yaani mtu angeharisha, angepata vidonda vya mdomoni na kupungukiwa damu bila faida yoyote. Pili, wakati mwingine hitilafu hiyo ni ya kurithi, na hapo ndugu wa damu nao wanapaswa kupimwa mapema.

Mmeona basi? Karatasi moja inasema hatua, matezi mangapi, na kama saratani yako ni ya kusikia dawa hii au la. Daktari wa kemo asiye na karatasi hiyo anafanya kazi gizani.

Tuje kwenye kurudi kwenyewe. Saratani hii ikirudi, inapenda ini, kwa kuwa damu ya utumbo hupitia huko kwanza, halafu mapafu. Na ina msimu wake. Sehemu kubwa ya wanaorudiwa, hurudiwa ndani ya miaka mitatu ya kwanza. Baada ya miaka mitano kurudi kunakuwa nadra. Kwa hiyo miaka mitatu ya kwanza ndiyo ya kutokosa kliniki, hata kama unajisikia mzima, unalima na kucheza ngoma. Narudia: hata kama unajisikia mzima.

Kliniki hiyo inafanya nini? Inapima damu kwa kipimo kiitwacho CEA, kila baada ya miezi mitatu hadi sita. Ni kipimo cha zamani. Alama hiyo iligunduliwa Montreal, Kanada, mwaka 1965 na Phil Gold na Samuel Freedman. Ikipanda kutoka pale ilipokuwa, daktari anajua atafute. Kuna kipimo cha CT, na kuna kamera ya kuangalia ndani ya utumbo, ambayo kwa kawaida hurudiwa baada ya mwaka mmoja. Na kwa nini tujisumbue kutafuta? Kwa sababu kurudi si lazima iwe hukumu ya kifo. Doa moja au mawili kwenye ini, likionekana mapema, linaweza kukatwa, na wapo wanaopona kabisa baada ya upasuaji huo wa pili. Ugonjwa ukionekana umeshajaa ini lote, kisu hakina pa kuanzia.

Huko mbele mambo yanasogea. Mwaka 2022 watafiti wa Australia walitumia kipimo cha damu kinachotafuta mabaki ya vinasaba vya saratani baada ya upasuaji wa hatua ya pili. Waliwapa kemo hasa wale ambao damu yao ilionyesha mabaki. Wagonjwa waliopewa dawa wakapungua kutoka 28 katika kila 100 hadi 15, na ugonjwa haukurudi zaidi ya kawaida. Hicho ndicho kipimo ninachokitamani kwetu, ingawa bei yake bado iko mbali na mifuko yetu. Lakini lipo jambo lisilo na bei. Mwaka 2025 yalitangazwa matokeo ya wagonjwa waliomaliza kemo kisha wakasimamiwa kufanya mazoezi kwa miaka mitatu, mengi yakiwa ni kutembea kwa kasi, karibu saa moja, mara tatu au nne kwa wiki. Baada ya miaka mitano, 80 katika kila 100 walikuwa hawana ugonjwa, dhidi ya 74 waliopewa kijitabu cha ushauri tu. Kutembea, ndugu zangu! Ukishamaliza dawa na daktari akikuruhusu, tembea.

Na mitishamba? Najua mnaitumia, na sitawagombeza. Ninachoomba ni mambo mawili tu. Mwambie daktari unachokunywa, kwa sababu vingine hupigana na dawa au huumiza ini. Na usiache dripu kwa ajili ya chupa ya mtu aliyekuahidi kupona kwa wiki mbili. Jambo la mwisho: mgonjwa wa kemo akipata homa, hata usiku wa manane, ni dharura: apelekwe hospitali saa hiyohiyo, isisubiriwe asubuhi.

Muda wetu unakwisha, mhandisi wangu ananionyesha mkono. Kwa hiyo, wewe uliyefanyiwa upasuaji wa utumbo mpana, au wewe unayemuuguza mzazi: kesho asubuhi fungua ule mfuko wa karatasi za hospitali, tafuta ripoti ya patholojia. Kama haimo, nenda ukaidai. Ni haki yako. Kama imo, ipige picha kwa simu, mtumie na mwanao mmoja, kisha angalia matezi mangapi yalipimwa na mangapi yalikuwa na saratani. Halafu tazama kadi yako: tarehe ya kliniki ijayo ni lini? Kama imepita, usione haya, nenda tu, utapokelewa.